Robo Iliyokatwa kwa Wino Mwekundu

Meru,
9 Machi 1974

Kwa Wachuka, binti wa dada yangu,

Pokea salamu zangu na za mke wangu Magdaline. Sisi ni wazima. Mvua imechelewa huku, lakini jirani yetu Mwiti ameshapanda mahindi yake kwenye vumbi, kwa imani tu. Natumaini wewe na mumeo Ngatia mko salama, na kwamba mtoto Watiri amepona kile kikohozi cha Krismasi. Nimesikia ati dada Kabura ameanza kutembea na fimbo. Ni kweli, au ni maneno ya watu wa Endarasha? Ukienda kumwona mama yako, mwambie mdogo wake anamkumbuka.

Ningekupigia simu, maana najua ni wewe unayeunganisha simu za Nanyuki nzima, lakini simu ya shule iko mezani kwa mwalimu mkuu, na si kila neno linafaa kusemewa pale.

Kuna jambo dogo. Mwaka ule wa 1967, nilipowafundisha hesabu kidato cha sita, mlifanya mtihani wa Julai na nikawarudishia karatasi zenu. Yako bado unayo? Ningependa kuwaonyesha wanafunzi wangu wa hapa swali la saba, lile la milinganyo ya mabadiliko tuliyokuwa tukiiita difrenshali. Kama unayo, itie kwenye bahasha. Kama haipo, usijisumbue.

Ni mimi mjomba wako,
Theuri


Nanyuki,
2 Aprili 1974

Kwa mjomba Theuri,

Barua yako ilinifikia ikiwa imelowa pembeni, kwa hiyo najua mvua mmeipata. Hapa pia imenyesha. Watiri amepona, sasa anatoa meno ya nyuma na hatuachi tulale. Ngatia bado yuko kwenye kiwanda cha mbao. Habari ya fimbo ni kweli: ni goti la kushoto. Mama anasema ni baridi, lakini bado anachimba viazi mwenyewe na hataki kusaidiwa.

Kuhusu karatasi. Vitabu vyangu vya shule mama alivichoma, vyote, mwezi ule niliorudi nyumbani. Pengine hukuambiwa. Karatasi ya Julai haikuungua kwa sababu haikuwa kwenye sanduku. Nilikuwa nayo mwilini. Ninayo hadi leo.

Sitaitia kwenye bahasha. Mwalimu mwenye ubao na chaki hahitaji karatasi ya miaka saba iliyopita ili kuonyesha swali. Niambie unaitakia nini.

Msalimie shangazi Magdaline.

Wachuka


Meru,
20 Mei 1974

Kwa Wachuka mpendwa,

Nimekawia kujibu. Nilishikwa na malaria wiki mbili, kisha kukawa na mitihani, kisha Magdaline akafiwa na babake mdogo na tukaenda mazishini. Hizo ndizo sababu, na zote ni za kweli, ingawa najua kalamu ingeweza kuandika katikati yake.

Nitakueleza. Mwezi wa pili niliwapa wanafunzi wangu mlinganyo uleule wa swali la saba. Jibu ninalolijua, lile lililokuwa katika karatasi ya majibu niliyoachiwa na mwalimu mzungu alipoondoka, ni hili: A mara e kipeo x, jumlisha B mara e kipeo hasi x, jumlisha nusu ya x mara e kipeo x. Msichana mmoja aitwaye Kanana alileta hilohilo, ila mwishoni alitoa robo moja ya e kipeo x. Nikaikata. Kesho yake akaja mezani kwangu na kusema kwa adabu, “Mwalimu, hakuna aliyekosea kati yetu. A yako na A yangu hazijachaguliwa na mtu bado.”

Nikamwambia aeleze. Akasema A ni konstanti, ni namba yoyote ile, mpaka mtu aseme mambo yalianzaje. Ukitoa robo kutoka kwa namba yoyote, unabaki na namba yoyote. Kwa hiyo robo inaingia ndani ya A na haionekani tena. Majibu mawili ni jibu moja. Nililirudisha jibu lake ndani ya mlinganyo, na pande mbili zikalingana.

Ndipo nikakukumbuka wewe. Nadhani nawe ulikuwa na robo kama hiyo. Inawezekana kwamba alama zako hazikuwa jinsi zilivyopaswa kuwa. Nilitaka kuiona karatasi ili nihakikishe kabla ya kusema lolote.

Tafadhali, hili tulizungumze mimi na wewe. Mama yako tusimsumbue.

Mjomba wako,
Theuri


Nanyuki,
1 Juni 1974

Kwa mjomba,

Pole kwa malaria, na pole kwa shangazi. Watiri ni mzima, Ngatia ni mzima, na barabara ya Naro Moru ilikatika siku mbili kwa maji. Sina habari nyingine.

Huna haja ya kuhakikisha. Uliikata ile robo kwa wino mwekundu na kunipa alama tatu kwa kumi na mbili. Nilikuwa nimetumia njia niliyoisoma katika kitabu cha maktaba, na njia hiyo huleta robo. Uliponirudishia karatasi, nililirudisha jibu ndani ya mlinganyo palepale kwenye dawati. Lilikuwa sawa. Nimejua tangu siku hiyo, mjomba. Kanana hakuniambia kitu kipya.

Nilikufuata nje ya ofisi ya walimu. Sikukuita mjomba, nilikuita mwalimu kama wenzangu. Kabla sijafungua karatasi ulitazama huku na huku kama kuna mtu anayetusikia, kisha ukasema, “Wachuka, undugu hauongezi alama.” Ukaenda zako.

Unajua mtihani ule ulikuwa wa nini. Nafasi ilikuwa moja tu ya kwenda ng'ambo kusomea uhandisi wa maji, na Sista Mkuu wa shule yetu alikuwa apendekeze msichana wa kwanza. Nilikuwa wa pili, kwa alama sita. Warigia ndiye aliyekwenda. Yeye hakuniibia kitu, alisoma kwa bidii yake. Siku hizi ni mhandisi, na mara mbili kwa mwezi hupiga simu Nairobi kupitia kwetu hapa Nanyuki. Ni mimi ninayemuunganisha. Namwuliza, “Nambari gani, tafadhali?” Ananitajia, anasema asante. Hajui ni mimi.

Baada ya hapo sikusoma tena kama zamani, na mtihani mkubwa wa Novemba haukunifikisha popote. Hilo ni langu, sikuwekei wewe.

Lakini kuna siku ile Endarasha, baada ya ibada, akina mama wa kanisa walipomuuliza mama ni lini mtoto wake atapanda ndege. Mama alisema, “Wangu ni mzembe. Mjomba wake mwenyewe alimfundisha, na bado akashindwa.” Mimi nilikuwa nikimimina chai. Wewe ulikuwa umeketi pale, kikombe mkononi, na ulitazama chini.

Utauliza kwa nini sikusema. Wewe ndiye uliyenitafutia shule. Mama alikubeba mgongoni ukiwa mtoto, na wakati wa Hali ya Hatari, askari walipokuwa wakisaka watu, alikuficha wewe kabla hajajificha mwenyewe. Ningesema, angelazimika kuchagua kati ya mtoto wake na ndugu yake. Sikutaka kuona angemchagua nani.

Sasa nataka kitu kimoja. Nenda Endarasha ukamwambie. Usiandike, maana hajui kusoma, na barua yoyote itasomwa na mtu mwingine kwanza. Nenda wewe, kwa mdomo wako.

Wachuka


Meru,
14 Julai 1974

Kwa Wachuka mpendwa,

Salamu nyingi kwenu wote. Huku tunavuna maharagwe. Magdaline amekufumia sweta ya Watiri, nimeifunga pamoja na barua hii. Ikiwa kubwa, akikua itamtosha.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Naomba unielewe. Mama yako ana goti, ana presha, na ana amani aliyoizoea. Jambo hili likifukuliwa, litamsaidia nini? Muhula nao ni mgumu, mwalimu mmoja ameondoka na mimi nafundisha madarasa yake. Nimefikiria njia nyingine. Naweza kumwandikia Sista Mkuu, ikiwa bado yuko hai, nikamweleza kwamba alama zako zilikosewa. Litakuwa limeandikwa mahali. Naweza pia kuulizia kama kuna kozi yoyote inayokufaa.

Nakuomba ufikirie.

Mjomba wako,
Theuri


Meru,
25 Agosti 1974

Kwa Wachuka,

Sijapata jibu, na sikulaumu. Natumaini sweta ilifika. Magdaline anauliza kila posta ikija, na mimi namwambia una kazi nyingi. Hata yeye nimemdanganya.

Niliandika barua hii mara tatu nikaichana. Nikiichana tena sitaiandika kamwe.

Nilikuambia kwamba Kanana ndiye aliyenifumbua macho. Si kweli. Alinikumbusha tu. Nilijua mwaka uleule wa 1967.

Ulikuja kwangu Jumanne. Nilikufukuza kwa sababu niliogopa. Nilikuwa na muhula mmoja tu katika darasa lile, Mwafrika wa kwanza kulifundisha hesabu, na wengine walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba mpwa wangu atapita kwa sababu ni mpwa wangu. Nilipoona robo yako, nilifurahi. Nilifurahi kupata mahali pa kukukata, ili waone sipendelei.

Jumatano, baada ya vipindi, uso wako haukuniondoka. Nikachukua karatasi nyeupe nikalirudisha jibu lako ndani ya mlinganyo kutoka kwa kumbukumbu. Pande mbili zikalingana. Nikarudia, zikalingana tena. Barua ya mapendekezo ilikuwa bado mezani kwa Sista Mkuu; ilitumwa Ijumaa. Nilikuwa na siku mbili nzima. Nilipita mbele ya mlango wake, nikasimama, nikaenda kunywa maji, nikarudi, nikasimama. Kuingia kulikuwa ni kusema: mwalimu wenu mpya hajui kusahihisha. Sikuingia.

Kwa hiyo siku ile ya chai kwa mama yako sikuwa mtu asiyejua. Nilijua, na nilitazama chini.

Hilo ndilo nililokuwa silisemi. Nilitaka ile karatasi kwa sababu nilikuwa na tumaini la kipumbavu kwamba huenda kulikuwa na kosa jingine ndani yake, dogo tu, ambalo lingenipunguzia.

Theuri


Nanyuki,
10 Septemba 1974

Kwa mjomba,

Sweta ilifika, inamkaa vizuri. Mwambie shangazi asante. Usimwambie tena kwamba nina kazi nyingi.

Ile ya Jumatano sikuijua.

Miaka hii yote nimekuwa nikijiambia, mjomba hakujua, alifundishwa na karatasi ya majibu, angalijua angalirekebisha. Hata nilipokuwa na hasira niliegemea hapo. Nilimfundisha binti yangu akusalimie kwa mikono miwili kwa sababu ya hapo. Barua yako niliisoma kazini, simu zikilia, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe niliunganisha watu wasiotafutana.

Sijui nikuandikie nini zaidi. Ninachotaka hakijabadilika. Jumapili tarehe 6 Oktoba nitakuwa Endarasha kwa mama. Uwe pale.

Wachuka


Meru,
5 Oktoba 1974

Kwa Wachuka,

Utakaposoma barua hii utakuwa umeshatoka Endarasha, na utakuwa umeona sikuja Jumapili. Nilikwenda Alhamisi. Sikuweza kulisema mbele yako. Huo nao ni uoga, uuweke pamoja na mwingine.

Basi lilipita Nanyuki asubuhi na likasimama karibu na posta unapofanya kazi. Niliona mlango wenu. Sikushuka.

Dada Kabura alikuwa shambani, akichimba viazi mstari wa juu karibu na ua. Alifurahi kuniona, akataka kwenda kuwasha moto. Nikamwambia asiende, kwamba nikinywa chai yake kwanza sitasema. Akanitazama, akaendelea kuchimba, nami nikasema nikiwa nimesimama kati ya mistari. Nilimwambia kwamba Wachuka hakukosea. Nilimwambia ni mimi niliyekosea, na kwamba nilijua kabla barua haijatumwa, na nikanyamaza. Nilimwambia yote, hata ile furaha.

Hakuinua kichwa. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu. “Ile siku ya chai, ulikuwa unajua?”

Nikasema nilijua.

Aliweka jembe chini, akaniambia nimalize mstari ule, akaingia ndani na fimbo yake. Nikachimba mpaka mwisho wa mstari. Nikajaza viazi kwenye gunia na kuliweka mlangoni. Nilibisha, nikamwita dada. Hakufungua. Nilikaa kwenye kigogo mpaka karibu basi la mwisho, kisha nikaondoka.

Nina miaka arobaini na mmoja, na sikuwahi kumwita dada yangu akakosa kuitika.

Nimemwambia Magdaline pia. Amehamishia ufumaji wake jikoni.

Theuri


Nanyuki,
22 Oktoba 1974

Kwa mjomba Theuri,

Salamu kwako na kwa shangazi. Sisi ni wazima, na Watiri anakimbia ua mzima. Goti la mama limepungua uvimbe. Mvua ndogo imeanza.

Nilifika Endarasha Jumapili ile kabla ya ibada kwisha, nikamkuta mama nyumbani. Hakuwa amekwenda kanisani, na hilo peke yake lilinitia hofu. Gunia lako lilikuwa bado mlangoni, halijafunguliwa. Alinipa chakula, tukala. Nilidhani hukuja kabisa.

Tulipomaliza alisema, “Theuri alikuja. Alisema.” Kisha akaniambia nimweleze hiyo robo ni nini, maana wewe ulipoieleza hakusikia vizuri, masikio yalikuwa yakivuma.

Nilijaribu. Nikamwambia, mama, katika jibu lile kulikuwa na namba moja ambayo haijajulikana bado, inaweza kuwa yoyote, kubwa au ndogo, na kila jibu sahihi huiacha hivyo. Mimi niliitolea robo. Lakini kitu ambacho ni chochote, ukikitolea robo, bado ni chochote.

Akasema, “Basi hiyo robo haikuwa kitu.”

“Haikuwa kitu, mama.”

“Na ndiyo ilikuchukulia yote hayo.”

Nikasema ndiyo. Nilingoja alie, au akutukane, au aniambie pole. Nimekuwa nikingoja ile pole miaka saba, hata maneno yake nilikuwa nimeshamtungia. Lakini alinigeukia akasema, “Na wewe ulijua siku hiyohiyo.”

Nikasema nilijua.

“Ukaniacha nikutukane mbele ya watu. Nikachoma vitabu vyako. Harusini kwako nikakaa nyuma kama mgeni. Kila mwaka ulikuwa unakuja hapa, unakula, unanitazama nikikukosea, na unanyamaza. Theuri aliniibia mara moja, Wachuka. Wewe umeniacha nikuibie kila siku.”

Nilikuandikia kwamba nilinyamaza ili asilazimike kuchagua. Nilipokuwa mbele yake niliona haikuwa hivyo tu. Nilipenda kuwa mimi niliyeonewa. Kila aliponisema vibaya, nilikuwa na karatasi yangu, na nilijua mimi ni bora kuliko yeye. Nilikwenda Endarasha kupokea msamaha wake, na ni mimi niliyepiga magoti kwenye sakafu kuomba. Yeye naye akaomba wangu. Tulikaa hivyo mpaka moto ukazima na hakuna aliyeukumbuka.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani wakati wa matangazo. Mimi sikuwepo, niliambiwa na Wambura wa kwa fundi cherehani. Alisema alimwita binti yake mzembe mbele ya akina mama wa kanisa, na kwamba haikuwa kweli. Wewe hakukutaja. Watu walimuuliza nje ilikuwaje, akasema ni mambo ya hesabu, hawataelewa.

Juzi Warigia alipiga simu. Nilimwambia, “Ni Wachuka anayekuunganisha.” Akasema anapita Nanyuki Ijumaa na angependa tunywe chai. Nimekubali. Sitamwambia habari ya alama. Nitamwuliza kazi ya maji ikoje.

Kuhusu wewe. Mama na mimi tumesameheana, na nilidhani baada ya hapo na lako lingekuwa jepesi. Halijawa jepesi. Naikumbuka ile Jumatano kila nikipanda ngazi za posta. Hukuniomba nikusamehe katika barua yoyote, nimezisoma zote tena kuangalia, na nashukuru hukuniomba, maana ningelazimika kusema uongo au kusema hapana.

Mama amelifungua lile gunia wiki iliyopita na kuvipanga viazi ghalani. Anasema uje Krismasi na Magdaline, na kwamba mistari ya chini bado haijachimbwa. Mimi na Ngatia tutakuwepo. Nitakumiminia chai kama wengine. Zaidi ya hapo sijui, na sitaki kukuahidi. Njoo tu.

Wachuka